Kahawa Ilihamia Sebuleni

Nyusi ndizo zilizonikimbia kwanza. Mabaka yalikuwepo kabla yake, mgongoni na kwenye paja, mapana, rangi ya chai ya maziwa, lakini baka unalifunika kwa kanga na maisha yanaendelea. Nyusi huwezi kuzifunika. Nilikuwa najipaka mafuta mbele ya kioo kidogo cha dirishani nikaona uso wa mtu anayeshangaa. Nikajaribu kuukunja, bado ulishangaa. Nikacheka peke yangu. Nakuambia hili kwa sababu na wewe huenda uko kwenye siku za kucheka, na hizo ndizo siku za kwenda hospitali.

Nimeshapona. Nalisema mapema ili usisome huku roho iko mkononi. Dawa ya ukoma ipo, inatolewa bure, na inafanya kazi yake. Habari za vidudu waachie wenye makoti meupe. Mimi nitakueleza yale ambayo sikuambiwa na mtu siku nilipokaa kwenye benchi nikisubiri kuitwa jina.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilizaliwa kijiji cha karibu na Liuli, nikabatizwa Mabel kwa Waanglikana, nikaolewa huku juu Mbinga na Ditram, Mmatengo, Mkatoliki, na mkulima wa kahawa asiyependa utani unaohusu kahawa. Tulipopata binti yetu Osmunda nikawa Mama Osmunda, na jina la Mabel likabaki kwenye cheti cha ubatizo. Niliwashinda watu wa nyumba ile kwa kazi. Nilijifunza kulima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo, kwenye miteremko, nikajifunza kuchambua kahawa kwenye kichanja mpaka mama mkwe wangu, mtu asiyesifu hata mvua, akawaambia majirani kwamba vidole vyangu vinaona punje mbovu kabla ya macho. Kanisani niliimba sauti ya kwanza. Nilipokaa jikoni kwetu jioni nilijua nimefika. Katika ugonjwa wote sikuomba uzuri wala nyusi, niliomba nirudi kuwa mtu wa nyumba ile.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kosa la watu wa kahawa. Kila aliyewahi kubeba bomba la kupulizia anajua kwamba dawa ile inaharibu ngozi. Ditram alibeba bomba, mimi nilichanganya dawa kwenye pipa, na mikono yangu ilikuwa ya bluu msimu mzima wa mvua. Kwa hiyo mabaka yalipotokea hakuna aliyejiuliza mara mbili.

"Hiyo ni dawa ya kahawa," mama mkwe alisema. "Hata marehemu baba yenu ilimtoa mabaka. Maziwa, Mama Osmunda. Kunywa maziwa yakutoe sumu."

Nikanywa maziwa. Misimu miwili ya mvua na kiangazi kilichokuwa katikati, kila asubuhi kikombe kizima, mpaka nikawa natoa harufu ya ndama. Nikanenepa, watu wakasema sumu imetoka. Mabaka hayakuwasha wala hayakuuma, na hilo ndilo lingetutisha kama tungekuwa na akili. Dawa ya kahawa inawasha. Ukikwaruza baka lako usisikie kitu, tafadhali, usiende kwa mwenye ng'ombe.

Kisha masikio yakawa mazito, pua ikaziba, sauti ikaanza kukwama kooni. Ilikuwa Kwaresima. Nilikuwa naipua maharage huku namgombeza Osmunda kuhusu sketi ya shule aliyoichana, nikabeba sufuria kutoka jikoni hadi mezani. Mama mkwe akanusa hewa.

"Kuna nini kinaungua?"

Nikatazama mafigani. Nikatazama chini. Osmunda akapiga kelele, "Mama, mkono!" Nilikuwa nimesahau kitambaa. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeganda kwenye sufuria, nami niliendelea kulishika nikitafuta kinachoungua. Nililiweka mezani taratibu, maharage yasimwagike. Mama mkwe alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani. Ditram alipoingia, yule mama hakunisemesha mimi, alimsemesha mwanawe.

"Mtu gani anaungua bila kulia?"

Kesho yake tulikuwa hospitali ya mjini, kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu na ukoma. Pale watu huketi kila mmoja na pengo kati yake na mwenzake, kama meno ya mzee. Hakuna anayeuliza umekuja kwa lipi. Nilimsoma kila mtu pale na nilijua kila mtu ananisoma. Ditram alikuwa na kofia mkononi, anaizungusha tu.

Nesi alikuwa dada wa makamo mwenye sauti ya kanisani. Alisokota pamba kidogo ikawa ncha. "Fumba macho, mama. Nikikugusa, nioneshe kwa kidole nilipogusa."

Nikafumba. Nikasubiri. Nilisikia pikipiki nje, nikasikia mtoto analilia andazi, nikasikia Ditram anavuta pumzi. Nikadhani huyu dada ametoka kufuata kitu. Nikafumbua.

"Umeshaanza?"

"Nimeshamaliza, mama," alisema.

Ditram alikuwa amegeuzia uso dirishani. Yeye alikuwa ameona yote, mgongo, mikono, miguu, pamba ikipita kila mahali, nami nimekaa nimetulia kama nanyolewa. Nadhani aliniacha pale pale, ingawa mwili wake ulikaa nami kwa miezi mingine kadhaa. Nesi akataja jina la ugonjwa. Akanishika mkono ule mzima, bila glavu, akaushika mpaka alipomaliza maneno yake yote. Mkono ule ulikuwa bado na hisia kidogo, nikausikia wa kwake kuwa wa moto. Kama kuna kitu kimoja nimebaki nacho kutoka kliniki zote, ni hicho.

"Dozi ya kwanza unameza hapa mbele yangu. Baada ya muda mfupi tu humwambukizi mtu. Baba, umesikia? Mle sahani moja."

"Nimesikia, dada," Ditram alisema.

Pakiti ya kwanza kati ya kumi na mbili, moja kila mwezi, ilikuwa ya Pasaka. Mkojo ukawa mwekundu, nikapiga mayowe chooni, kumbe nesi alikuwa ameniambia na mimi sikusikia. Ikikutokea, ni rangi ya dawa, usife kwa hofu. Pakiti ya pili na ya tatu zikanifanya mweusi. Si weusi wangu wa kuzaliwa, huu ulikuwa weusi wenye wekundu ndani, na ngozi ikakauka ikawa na magamba. Pua ikaanza kushuka katikati. Tangu siku za pakiti ya kwanza Ditram alikuwa amesema nilale stoo kwa muda, mpaka kidonda cha kiganja kikauke. Kidonda kilikauka kabla sijafungua pakiti ya pili. Hakuna aliyelisemea tena jambo hilo.

Stoo ile ndiyo chumba cha kahawa. Kila mwaka magunia ya kahawa kavu hulala humo yakisubiri kupelekwa chama cha ushirika, na hata ikiwa tupu inanuka kahawa. Nilitandikiwa godoro kati ya mfuko wa mbolea na bomba la kupulizia. Nikapewa sahani yangu na kikombe changu cha plastiki ambacho hakikuoshwa na vingine. Nilikula ugali ule ule, maharage yale yale, ila nilikula nikisikia wenzangu wanakula upande wa pili wa ukuta. Nilijua nani kachukua mnofu na nani kapewa mchuzi mtupu. Nilitaka kuwaambia mtoto amepewa kidogo, nikanyamaza.

Osmunda ndiye aliyeniletea chakula. Mwanzoni aliingia, akageuza debe, akakaa akanisimulia ya shule: nani kachapwa, nani kampenda nani. Alikuwa darasa la sita na mdomo wake haukupumzika. Kwenye pakiti ya tatu akawa anakiweka mlangoni. Baadaye akawa anazunguka nje na kuniwekea sahani dirishani. Sikumlaumu. Shuleni walikuwa wamehama dawati lake. Siku moja akaniambia akiwa nje, nikiona kichwa chake tu.

"Mama, wenzangu wakija usitoke."

"Sitatoka, mama," nilimwambia.

Ninataka nikuambie ukweli kuhusu ndani, kwa sababu nje kila mtu ataona. Ndani sikubadilika hata kidogo. Nilikuwa yule yule mwenye hasira ya karibu, anayependa chumvi nyingi, anayekumbuka nyimbo zote za Krismasi hadi beti za mwisho. Jumapili moja walipokuwa misa nilikaa kwenye godoro nikaimba wimbo wa komunyo. Kichwani sauti ilitoka safi, ikapanda pale juu ninapopajua, nikafurahi. Mama mkwe alikuwa amebaki uani na goti lake. Jirani akapita barabarani, akasimama.

"Shikamoo mama. Kuna mwanamume anaumwa humo ndani?"

Kisha nikamsikia mama mkwe wangu akijibu.

"Marahaba. Ndiyo. Anaumwa."

Nikafunga mdomo. Sijui alisema vile kunisitiri au kunizika, na sijapata kumuuliza. Tangu siku ile nikaanza kuogopa sauti yangu mwenyewe. Nikiwaza jambo nililiwaza kwa sauti ya zamani, nikitaka kulisema nililiacha. Huko ndani ya mwili ule mweusi wenye magamba palikuwa na mwanamke anayezungumza mchana kutwa, na hakuna aliyemsikia, na mimi nikaanza kumwonea aibu.

Kipupwe kikaja na ukungu wake. Kwenye pakiti ya nne mwili ukavimba vinundu vya moto, homa ikanishika, mishipa ya mkono ikauma kama jino. Nilipewa vidonge vingine vya kutuliza, uso ukajaa ukawa wa mviringo. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikajikunja na havikukunjuka tena. Nesi alinieleza kwamba hali hii huja kwa baadhi ya watu hata dawa ikiwa inafanya kazi vizuri. Niliamini, lakini mwili hauelewi maelezo. Nilikuwa nalala nikijikumbatia, najigusa mguu kuhakikisha upo. Kama unapitia hapo sasa hivi, sina neno tamu la kukupa. Meza dawa. Rudi kliniki siku hiyo hiyo mishipa ikianza kuuma, usisubiri kama mimi.

Kahawa ikaiva. Hakuna aliyeniambia, nilisikia mashine ya kumenya ikizungushwa uani na nikanusa maganda mabichi. Mwaka ule mizigo ilikuwa mingi. Vichanja vikajaa, kahawa ikaanza kukauka, na kila mtu alijua mahali inapolala kahawa kavu. Nikawasikia wanajadiliana jikoni, Ditram na mama yake, kwa Kimatengo, wakidhani baada ya miaka yote ile sikielewi sawasawa.

"Watu wa chama wakijua imelala naye, wataikataa," mama mkwe alisema. "Mji mzima utaikataa."

"Dada wa hospitali alisema haambukizi."

"Huyo dada atainunua yeye?"

Ikahamia sebuleni. Gunia la kwanza, la pili, mpaka makochi yakasukumwa ukutani. Waliitandikia turubai. Walipita ubavu ubavu ili wasiikanyage. Mvua ya ghafla iliponyesha nikasikia Ditram akiamka mbio kwenda kuangalia kama bati linavuja juu yake. Mimi nilikuwa stoo na bati langu lilikuwa linavuja tangu Pasaka. Kahawa ilikuwa inakaa na watu, mtu alikuwa anakaa pa kahawa. Nilicheka kwa ile sauti ya kiume, nikalia, na nikawachukia wote, hata mtoto. Nasema wazi kwamba niliwachukia. Ukifika hapo, ujue hujawa shetani.

Sebule ikajaa hadi mlangoni. Ditram akaja akasimama kwenye kizingiti cha stoo.

"Mama Osmunda, baridi ya huku inakuumiza. Kule kwenu kuna joto."

"Nani kasema joto linatibu ukoma?"

"Hakuna aliyesema. Nafikiri tu."

"Ditram. Sema ni kahawa."

Halafu yule mwanamume, ambaye sikumwona akilia hata siku ya kumzika baba yake, akaketi chini pale kizingitini akalia. "Hakuna pa kuiweka," alisema. Nilitaka kumpapasa kichwa. Niliuangalia mkono wangu nikaubakiza mapajani.

Pakiti ya tano niliibeba kwenye mkoba kuteremka ziwani. Ditram alikodi pikipiki, nadhani ili nisikae karibu na abiria. Osmunda alikuwa shule. Nilichagua kuamini kwamba hakuambiwa ninaondoka. Barabara ya Mbamba Bay inateremka mpaka masikio yanaziba, na kila tulivyoshuka joto lilinipanda miguuni, nami sikulisikia kwenye nyayo, nililisikia magotini.

Mama yangu ni mzee, na macho yake yana ukungu. Alikuwa anaanika usipa, dagaa wa kwetu, kwenye chandarua cha zamani. Akatoa mikono akanipapasa uso, paji, mashavu, akafika katikati, akasimama.

"Mabel. Pua imekwenda wapi?"

"Imebaki Mbinga, mama."

"Kahawa ile itakuwa na harufu kali," alisema, akaniambia nikaoge ziwani nije nile.

Tulikula ugali wa muhogo kwenye sahani moja. Mkono wangu uliokunjika na mkono wake iligongana kwenye mboga, yeye akaninyang'anya samaki kama zamani. Nilifurahi, kisha nikawaza neno lililonikaa kifuani hadi leo: mtu pekee aliyenitambua ni yule asiyeona. Sijui angefanya nini kama angeona. Mama ni mama, utasema. Mama mkwe naye ni mama, na alinipenda kabla ya sufuria.

Miezi ya pakiti zilizobaki ilikwenda hivyo. Dawa nilichukua kwenye hospitali ya huku ufukweni, kwenye benchi jingine lenye mapengo yale yale. Nilifundishwa kuloweka miguu na mikono kila siku, kusugua magamba kwa jiwe laini, kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na maji, na kukagua nyayo kwa macho kwa sababu zenyewe hazisemi. Mama alinisugua mgongo. Wavuvi walinipa usipa bila kunitazama, lakini walinipa. Kuna asubuhi niliingia majini hadi shingoni, pale mwili haupo, kichwa tu, nikaimba. Maji hayakujali ni sauti ya nani. Hizo ndizo huruma ndogo nilizopata, nami sizidharau, ila hazikutosha. Mwili wangu ulikuwa ufukweni na mimi nilikuwa Mbinga, nikijiuliza nani anachambua kahawa na nani anamsuka Osmunda.

Ditram alipiga simu mara chache. Alisema wote wazima. Nilimuuliza stoo imekaaje, akasema imekaa vizuri.

Nilimaliza pakiti ya kumi na mbili karibu na Pasaka nyingine. Daktari akanigonga magoti, akanipapasa viwiko, akasema, "Mama, umepona. Hatukupi tena dawa." Wekundu ulikuwa umeanza kupungua kwenye ngozi. Nyusi hazikurudi, vidole havikukunjuka, pua ilibaki ilipo. Lakini nilikuwa nimepona, na neno hilo nililibeba kama mtu aliyebeba yai. Nikaoga, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikapanda Mbinga bila kuwaarifu. Nilitaka niwakute kama walivyo, niingie jikoni, niulize kwa nini maharage hayajawekwa chumvi.

Ditram alinikuta uani. Alifurahi, naapa alifurahi. Akanivutia kiti. Mama mkwe akatoka na fimbo yake, akapokea shikamoo yangu, akauliza habari za ziwani, habari za mama, habari za safari. Nilipoinuka kwenda jikoni wote wawili wakasema pamoja, "Kaa, kaa, pumzika." Nikaingizwa sebuleni. Makochi yalikuwa yamerudi mahali pake, na kitambaa cha meza kilikuwa kipya, sijui kimechaguliwa na nani. Nikasikia kuku anakimbizwa nje, kisha nikasikia amekamatwa.

Osmunda alikuwa amerefuka. Aliniletea maji ya kunawa, ameshika jagi kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine, amepiga goti kwa adabu ambayo mimi ndiye niliyemfundisha. Hakuangalia vidole vyangu. Aliniwekea wali, kuku, na firigisi juu ya sahani nzuri ya kauri, kwenye trei, peke yake.

"Njooni tule," nilisema.

"Sisi tumeshakula," alisema Osmunda. "Karibu, mama. Usione aibu."

Nikala. Upande wa pili wa ukuta nilisikia vijiko, nikamsikia Ditram akisema jambo na Osmunda akicheka kile kicheko chake chenye mkoromo mwishoni, kicheko nilichokuwa nakingoja tangu pakiti ya tatu. Sikuona ubaya wowote katika nyumba ile. Niliutafuta kwa bidii, ningeupata ningepigana nao. Palikuwa na usafi, na amani, na watu walioumia wakapona, na kidonda walichopona kilikuwa mimi. Hakuna aliyenifukuza. Kila mtu alikuwa ananiheshimu.

Jua lilipoanza kushuka hakuna aliyesema lala. Hakuna aliyesema ondoka pia. Nikasema mwenyewe kwamba mama ana macho mabovu na gari la ziwani litaniacha, na nikaona mabega ya Ditram yakishuka kidogo. Wakanifungia mahindi na kahawa ya unga. Osmunda akatumwa anisindikize. Mtu wa nyumbani hasindikizwi. Tulitembea, yeye amenibebea mzigo, hadi barabarani. Nilijaribu kupata neno la kumwambia, nikahofu sauti itakayotoka.

Gari likaja. Akanipandishia mzigo, akapiga goti, akatabasamu vizuri kabisa.

"Haya mama, safari njema," alisema. "Karibu tena."

Nikamwambia asante.